Mlango Unaofunguliwa kwa Ndani: Jinsi Bakteria wa Homa ya Uti wa Mgongo Wanavyoufikia Ubongo

Miongoni mwa watu kumi hadi ishirini wenye afya njema, kwa kawaida hupatikana angalau mmoja ambaye nyuma ya pua na kooni mwake wanaishi bakteria waitwao Neisseria meningitidis, au kwa ufupi meningokoki, pasipo yeye kuumwa wala kutambua kuwa anao. Bakteria hao, ambao hawana makao mengine duniani isipokuwa mwili wa binadamu, hukaa hapo kwa wiki au miezi kadhaa, huambukizwa kwa mtu mwingine kwa njia ya mate na makohozi, kisha hutoweka bila kuacha dalili yoyote. Kwa watu wachache mno, hata hivyo, viumbe haohao hupenya utando wa koo, wakaingia katika mkondo wa damu na kufika kwenye tando zinazoufunika ubongo na uti wa mgongo, ambako husababisha homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao usipotibiwa huweza kuua nusu ya wanaoupata, na ambao hata ukitibiwa huwaachia baadhi ya walionusurika uziwi, kifafa au udhaifu wa akili na viungo. Kinachoshangaza zaidi katika safari hiyo ni hatua yake ya mwisho, kwa kuwa kati ya damu na ubongo pana kizuizi ambacho hata dawa nyingi, zenye molekuli ndogo kuliko bakteria takriban mara elfu moja kwa upana, hushindwa kukivuka. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba kizuizi hicho, katika hatua za mwanzo za uvamizi, mara nyingi hakivunjwi kwa nguvu. Seli zinazokijenga ndizo zinazorubuniwa zikifungue zenyewe.

Kuwapo kwa kizuizi chenyewe kulianza kudokezwa mwaka 1885, wakati mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alipowadunga wanyama rangi mbalimbali kwenye damu na kuona kwamba viungo karibu vyote vilibadilika rangi huku ubongo ukibaki mweupe. Ehrlich alidhani kwamba nyama ya ubongo ndiyo isiyoshika rangi, na dhana hiyo ilidumu hadi mwaka 1913, pale Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi chini yake, alipoligeuza jaribio hilo kwa kuitia rangi ya bluu moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ubongo. Safari hiyo ubongo ulishika rangi vizuri kabisa, nayo rangi haikwenda kwenye viungo vingine, jambo lililothibitisha kwamba tatizo halikuwa nyama ya ubongo bali kitu fulani kilichosimama kati yake na damu. Kitu hicho kiko wapi hasa, wataalamu waliendelea kubishana kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 1967, Thomas Reese na Morris Karnovsky wa Marekani walipotumia hadubini ya elektroni kufuatilia kimeng'enya kilichodungwa kwenye damu ya panya, wakakiona kimekwama mahali ambapo seli za ukuta wa mishipa midogo ya damu hukutana.

Mishipa hiyo midogo kabisa huitwa kapilari, na ukuta wake umejengwa kwa safu moja tu ya seli bapa zinazojulikana kama seli za endotheli. Katika sehemu nyingine za mwili seli hizo huacha nafasi au vitundu baina yake ili virutubisho, maji na hata seli nyeupe za damu vipite kwa urahisi; katika ubongo, kinyume chake, kingo za seli hizo zimeshonwa pamoja kwa protini maalumu, zikiwamo klaudini na okludini, ambazo kwa nje hushikana na za seli jirani na kwa ndani hufungwa kwenye nyuzi za protini ya aktini zinazoipa seli umbo lake. Mshono huo hubana kiasi kwamba hata chembe za chumvi hazipenyi ovyo. Isitoshe, seli hizo humeza na kupitisha vitu kwa vifuko vichache sana kuliko seli za mishipa mingine, zina milango ya pekee ya kuingizia glukosi na amino asidi, na zina pampu zinazozirudisha kwenye damu kemikali ngeni zilizothubutu kuingia. Nyuma yake zimeegemewa na seli nyingine, perisiti na astrosaiti, zinazozipelekea ishara za kuendelea kubana, na kwa kuwa urefu wa kapilari zote za ubongo wa binadamu hukadiriwa kufikia kilomita 600, kazi ya ulinzi inayofanyika hapo kila sekunde ni kubwa kuliko inavyoweza kudhaniwa.

Kizuizi hicho hakilingani mahali pote. Mishipa iliyomo ndani ya tando za ubongo, tofauti na ile iliyozama ndani ya ubongo wenyewe, haikuzungukwa kikamilifu na astrosaiti, na kwenye mashada ya mishipa yanayotengeneza maji ya ubongo ndani ya vyumba vyake, mshono unaozuia uko kwenye seli za juu za shada na si kwenye kapilari. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huamini kwamba bakteria hupita zaidi kwenye maeneo hayo mawili, ingawa katika maiti za waliokufa kwa meningokoki bakteria wamekutwa pia wamejipanga ndani ya kapilari za ubongo.

Kabla ya kufika hapo, bakteria hana budi kuishi kwenye damu, na hilo pekee huwashinda walio wengi. Damu ina seli nyeupe zinazomeza vimelea, ina kingamwili, na ina mfumo wa protini uitwao komplementi, ambao hutoboa ngozi ya bakteria na kumwua kwa dakika chache. Ndiyo maana karibu aina zote za bakteria zinazoongoza kwa kuleta homa ya uti wa mgongo, yaani meningokoki, numokoki, Haemophilus influenzae aina ya b inayofupishwa kuwa Hib, streptokoki wa kundi B na E. coli wa aina ya K1, zimevikwa kapsuli, yaani ganda laini la sukari linalozuia kinga isiwashike vizuri. Ganda la meningokoki wa kundi B, sawa na la E. coli K1, limetengenezwa kwa mnyororo wa asidi sialiki unaofanana na ule ulioko juu ya seli changa za neva za binadamu, kiasi kwamba mwili hulitazama kama kitu chake wenyewe. Hata watengenezaji wa chanjo walilazimika kuliacha ganda hilo na kutafuta protini nyingine za kulenga. Kinga ikishindwa, bakteria huongezeka, na wingi wao ni jambo la maana, kwani kwa watoto wachanga waliougua E. coli ilionekana kwamba homa ya uti wa mgongo huwapata zaidi wale ambao kila mililita ya damu yao ilikuwa na bakteria zaidi ya 1,000. Kuvuka ni tukio adimu kwa kila bakteria mmojammoja, na idadi kubwa ndiyo inayoligeuza kuwa jambo la kutarajiwa.

Meningokoki ndiye aliyechunguzwa kwa kina kuliko wote, na mbinu yake inastahili kuelezwa polepole. Tatizo lake la kwanza ni kasi ya damu, ambayo humkokota na kumng'oa kila anapotaka kushika ukuta wa mshipa. Ili kulitatua, hutoa nyuzi ndefu na nyembamba mno ziitwazo pili za aina ya nne, ambazo anaweza kuzirefusha na kuzivuta ndani kwa mota za protini zilizomo mwilini mwake, na kwa nyuzi hizo hushika kwanza pale ambapo mkondo umepungua, kama ilivyo mara kwa mara katika kapilari za ubongo. Kwenye uso wa seli ya endotheli nyuzi hizo hufungamana na protini inayoitwa CD147, jambo lililogunduliwa na watafiti wa Paris na kuchapishwa mwaka 2014. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akavutiwa kujua kwamba protini hiyohiyo, ikiwa juu ya chembe nyekundu za damu, ndiyo ambayo kimelea wa malaria aina ya Plasmodium falciparum huihitaji ili aingie katika chembe hizo. Viumbe wawili wasio na undugu wowote wamechagua mshiko mmoja, kila mmoja kwa shughuli yake.

Akishashika, meningokoki huanza kuongea na seli kwa lugha ya seli yenyewe. Nyuzi zake huvuta kipokezi kingine kiitwacho beta-2 adreneji, ambacho kwa kazi ya kawaida hupokea ujumbe wa homoni ya adrenalini, na ambacho ndicho kinacholengwa na dawa ya salbutamoli wanayovuta wagonjwa wa pumu ili njia za hewa zilegee. Kipokezi hicho kina njia mbili za kupeleka ujumbe ndani ya seli, na bakteria huamsha moja tu kati ya hizo, ile inayopanga upya nyuzi za aktini chini ya utando. Matokeo yake ni kwamba uso wa seli huinuka na kutoa vidole vidogo vinavyolizunguka kundi la bakteria na kulishikilia, hata damu ipite kwa kasi namna gani haliwezi kung'olewa tena. Kwa maneno mengine, seli inayotakiwa kulinda huwajengea wavamizi kituo cha kupumzikia.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha jambo lote, nayo ilielezwa mwaka 2009 katika jarida la Science na Mathieu Coureuil, Xavier Nassif na wenzao wa Paris. Kila seli ya endotheli ina kundi la protini linaloiambia upande upi ni wa damu, upande upi ni wa nyama, na mshono wa kushikana na jirani uwekwe wapi. Kituo cha bakteria kinapokamilika, protini hizo hukusanyika chini yake kana kwamba hapo pana mpaka mpya na seli jirani, na seli, ikiamini ishara hiyo, huanza kuhamishia hapo vifaa vya mshono, zikiwamo kadherini na klaudini. Vifaa hivyo havitoki popote ila kwenye mishono ya kweli. Ni kama fundi aliyeambiwa kwamba nyumba imeongezewa mlango mpya, akang'oa komeo na bawaba za mlango wa zamani ili akafunge pale alipoonyeshwa ukuta mtupu. Mshono wa kweli hulegea, nafasi hutokea kati ya seli na seli, na bakteria hupita katikati na kuingia upande wa pili, huku seli zenyewe zikiwa hai na bila jeraha kubwa. Katika mambo yote yaliyogunduliwa kuhusu ugonjwa huu, pengine hakuna linaloonyesha wazi zaidi jinsi kiumbe asiye na akili, kwa kuchujwa na mabadiliko ya vizazi vingi, anavyoweza kuwa na ujuzi wa ndani wa mwili wa mwenyeji wake kuliko ujuzi ambao wanabiolojia walikuwa nao miaka michache tu kabla ya ugunduzi huo.

Ujuzi huo una upande wake mgumu kwa watafiti, kwa sababu nyuzi za meningokoki hutambua protini za binadamu na hazishikamani ipasavyo na za panya, hivyo majaribio ya kawaida ya wanyama hayafai. Kikundi cha Guillaume Duménil huko Paris kilitatua sehemu ya tatizo hilo kwa kupandikiza vipande vya ngozi ya binadamu kwenye panya, ili mishipa ya damu ya binadamu ibaki hai ndani ya mnyama. Bakteria walipotiwa kwenye damu walijaa katika mishipa ya kipande hicho na kusababisha madoa ya damu yanayofanana na yale yanayoonekana kwa wagonjwa. Madoa hayo mekundu au ya zambarau, ambayo hayafifii yanapobonyezwa, ni dalili ya hatari inayopaswa kumpeleka mtu hospitali bila kusubiri, na chanzo chake huanza kama kile kinachotokea ubongoni: makundi ya bakteria yamekwishashika ukuta wa mishipa midogo, ila hapa yameuharibu.

Numokoki, ambaye jina lake la kitaalamu ni Streptococcus pneumoniae na ambaye huleta pia nimonia, hupendelea kupita ndani ya seli badala ya katikati yake. Kwenye ukuta wa seli yake ana kemikali iitwayo fosfokolini, inayofanana na sehemu ya ujumbe wa kawaida wa mwili, na kwa kufanana huko hushika kipokezi ambacho seli ikishakitumia hukivuta ndani pamoja na chochote kilichokishika. Bakteria humezwa upande wa damu, hubebwa katika kifuko, na wengine hutemwa upande wa ubongo, ingawa wengi huuawa njiani au hurudishwa walikotoka. Mwaka 2009 Carlos Orihuela, Elaine Tuomanen na wenzao walitangaza jambo lililounganisha habari hizi zote: numokoki, meningokoki na Hib, bakteria watatu ambao kwa nasaba wako mbali na kila mmoja ana protini zake tofauti, wote hushika kipokezi kimoja cha lamini kilichoko kwenye seli za endotheli za ubongo. Lamini ni protini ya zulia ambalo seli hukalia. Si jambo la bahati nasibu kwamba watatu hao ndio waliokuwa wakiongoza kwa kuleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto kabla ya chanjo kuenea.

Hata hivyo hoja ya urubunifu ina mipaka yake, na numokoki ndiye anayeionyesha. Bakteria huyu hutoa sumu iitwayo numolisini, ambayo molekuli zake hujipanga katika duara na kutoboa utando wa seli mpaka seli inamwaga vilivyomo ndani yake. Hapo hakuna ujumbe unaoigizwa wala kipokezi kinachodanganywa. Ni uharibifu wa wazi, na pengine ndiyo sababu mojawapo ya homa ya uti wa mgongo ya numokoki kuua na kulemaza kwa kiwango kinachozidi ile ya meningokoki.

Bakteria wanaowashambulia watoto wachanga wana mbinu nyingine. E. coli K1, ambaye mtoto humpata zaidi wakati wa kuzaliwa, hushawishi seli imkumbatie na kumvuta ndani ya kifuko, kisha ganda lake hukizuia kifuko hicho kisiungane na vile vyenye vimeng'enya vya kusaga, hivyo akatoka upande wa pili akiwa hai. Athari ya streptokoki wa kundi B hufika ndani zaidi, mpaka kwenye kiini cha seli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba bakteria huyo akikutana na seli za endotheli huamsha protini iitwayo Snail1, ambayo kazi yake ni kunyamazisha jeni zinazotengeneza klaudini na okludini. Mishono hulegea kwa kukosa vifaa vipya vya kuikarabati. Listeria naye, anayepatikana katika vyakula vilivyochafuliwa, huweza kuingia akiwa amejificha ndani ya seli nyeupe za damu, zile zile ambazo kizuizi huziruhusu kupita inapobidi. Mlipuko mkubwa kuliko yote ya Listeria iliyowahi kurekodiwa duniani ulitokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, ukawapata zaidi ya watu 1,000 na kuua zaidi ya 200, watoto wachanga wakiwa sehemu kubwa ya walioathirika, na chanzo chake kilikuwa nyama ya kusindikwa iliyo tayari kuliwa.

Baada ya kuvuka, bakteria hujikuta mahali pa raha kuliko walikotoka. Maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima ni takriban mililita 150 na hutengenezwa upya mara tatu au nne kwa siku, yana seli nyeupe chache, kingamwili kidogo na komplementi haba, kwa sababu mwili umechagua kuuepusha ubongo na fujo za kinga. Bakteria huzaliana humo karibu bila kuzuiwa, wakitumia glukosi iliyomo, na mabaki ya kuta zao huamsha inflamesheni, yaani uvimbe na joto ambavyo mwili huanzisha ili kupambana na uvamizi. Seli nyeupe humiminika kwa mamilioni kutoka kwenye damu, zikimwaga vimeng'enya vinavyokata protini za mishono na zulia lililo chini yake, na hapo ndipo kizuizi kinapobomoka kwa maana halisi ya neno hilo, si kwa mkono wa bakteria bali kwa mkono wa kinga yenyewe. Protini za damu huvujia ndani, maji hujaa, ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na mgonjwa huonyesha dalili zinazojulikana: homa kali, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa na hatimaye kupoteza fahamu. Kwa watoto wachanga shingo huenda isikakamae. Mtoto hukataa kunyonya, hulia kwa sauti isiyo ya kawaida, au utosi wake huvimba. Daktari akitoa maji hayo kwa sindano kiunoni, njia iliyoanzishwa na Heinrich Quincke mwaka 1891, husoma humo historia nzima ya uvamizi: seli nyeupe nyingi, protini iliyopanda na glukosi iliyoshuka.

Hata maumivu ya kichwa yana sehemu katika kisa hiki. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba numokoki na streptokoki wa kundi B huamsha neva za maumivu zilizomo kwenye tando za ubongo, nazo neva hizo hutoa kemikali inayozituliza seli za kinga zilizo karibu, zikachelewa kuita msaada. Neva zilizowekwa ili kutoa tahadhari zinageuzwa kuwa msaidizi wa adui, na dawa ya kuzuia kemikali hiyo, ambayo tayari hutumika kwa wagonjwa wa kipandauso, iliwasaidia panya hao.

Tiba nayo imefungamana na hali ya kizuizi kwa namna inayopingana. Penisilini na seftriaksoni hupita kwa shida katika kizuizi kizima, lakini inflamesheni inapokilegeza hupenya kwa kiwango cha kutosha kuua bakteria, kwa hiyo madhara yaleyale yanayomtesa mgonjwa ndiyo yanayoifungulia dawa njia. Dawa hizo nazo, zinapompasua bakteria, humwaga mabaki yake kwa wingi na kuzidisha inflamesheni kwa muda, na ndiyo sababu wataalamu walifikiria kutoa pamoja nazo deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa watu wazima dawa hiyo ilipunguza vifo kutoka asilimia 15 hadi 7, ila tafiti mbili zilizofanyika Malawi, moja kwa watoto mwaka huohuo na nyingine kwa watu wazima mwaka 2007, hazikuona faida yoyote. Wagonjwa wa Malawi walifika hospitali wakiwa wamechelewa zaidi, na wengi wa watu wazima walikuwa pia na virusi vya UKIMWI. Tofauti hiyo inapaswa kuwatahadharisha wote wanaodhani kwamba matokeo ya hospitali za nchi tajiri yanaweza kuhamishwa kama yalivyo hadi wodi za Afrika.

Kwa jumla, kujua namna kizuizi kinavyofunguliwa hakujaleta bado dawa ya kukifunga, na huenda mafanikio makubwa yakaendelea kupatikana mapema zaidi katika safari, kwenye koo na kwenye damu. Ushahidi ulio wazi uko katika ukanda ambao daktari Mfaransa Léon Lapeyssonnie aliuchora mwaka 1963 na kuuita ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, ambako kila kiangazi, upepo mkavu wenye vumbi unapochubua koo na pua za watu, milipuko huzuka na kukoma mvua zinapoanza. Leo Shirika la Afya Duniani huhesabu nchi 26 katika ukanda huo na pembezoni mwake, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mlipuko wa miaka ya 1996 na 1997 uliwapata zaidi ya watu 250,000 na kuua takriban 25,000, karibu wote kwa meningokoki wa kundi A. Kuanzia Desemba 2010 nchini Burkina Faso ilianza kutolewa chanjo ya MenAfriVac, iliyotengenezwa India mahususi kwa Afrika na kuuzwa kwa chini ya senti 50 za Marekani kwa dozi. Ubora wake haukuwa tu kumlinda aliyechanjwa, bali kumwondoa bakteria kooni mwake asiwaambukize wengine; nchini Chadi ugonjwa ulipungua kwa asilimia 94 katika maeneo yaliyochanjwa, na tangu mwaka 2017 hakuna mgonjwa wa kundi A aliyethibitishwa katika ukanda huo.

Makundi mengine hayakuondoka. Mwaka 2021 meningokoki wa kundi W alizusha mlipuko katika eneo la Banalia, mkoa wa Tshopo, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo moja inayolinda dhidi ya makundi matano, A, C, W, Y na X, ambayo Nigeria ilikuwa ya kwanza kuitumia mwaka 2024. Kwa Hib, Kenya ilianza kuchanja watoto mwaka 2001, na uchunguzi uliofanyika Kilifi ulionyesha kwamba ndani ya miaka michache maradhi makali ya bakteria huyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 90. Chanjo ya numokoki iliingia Kenya mwaka 2011 na ikafuata Tanzania muda mfupi baadaye.

Waliobaki bila kinga ya namna hiyo ni watoto wa siku chache za mwanzo, ambao streptokoki wa kundi B na E. coli huwafikia kabla ya ratiba yoyote ya chanjo kuanza. Katika baadhi ya nchi zenye uwezo, wajawazito hupimwa wiki za mwisho za mimba na wale waliokutwa na streptokoki hupewa penisilini wakati wa uchungu, jambo linalozuia maambukizi ya siku za kwanza lakini si yale ya wiki zinazofuata. Chanjo ya kumpa mama, ili kingamwili zake zipite kwenye kondo la nyuma na kumkuta mtoto akiwa tumboni, bado iko katika majaribio, na dhidi ya E. coli K1, mwenye ganda linalofanana na seli za neva za mtoto mwenyewe, njia hiyo haijapatikana.